Vitufe vya Kiti cha Nyuma

Mjomba aliingia karakanani kwangu akinyata, kama mtu aliyekuja kuiba pikipiki yake mwenyewe.

"Mpwa wangu, nikatie waya wa vitufe vya nyuma. Ila mke wangu asijue."

Mimi ni fundi umeme wa pikipiki, na ile ya mjomba naijua kama kiganja changu. Ni pikipiki ya safari ndefu, pana kama kochi, ina redio na spika nne. Dereva ana vitufe vyake kwenye usukani. Abiria ana viwili pembeni mwa kiti: cha juu cha sauti, cha chini cha kubadili stesheni. Hicho cha chini ndicho kilichowasha moto. Mjomba anapenda ngumi. Bondia akishainua mkono, kabla konde halijatua, mkewe, mkazamjomba wangu, anabonyeza, na badala ya kengele ya raundi anasikika mwanamke wa mchezo wa redio akimlilia mchumba.

"Mwezi wa tatu huu sijui nani kamshinda nani," mjomba alilalamika. "Hata pambano moja!"

"Mficha uchi hazai. Mwambie."

"Nimwambie? Umesahau sharti?"

Sikuwa nimesahau. Mkazamjomba alikubali pikipiki inunuliwe kwa sharti moja, alilolitamka mbele ya ukoo mzima: mbele atawale mume, vitufe vya nyuma ni vyake yeye. Siku vikifa, pikipiki inauzwa.

Nikakata waya. Damu ni nzito kuliko maji, na siku ile ilikuwa nzito hata kuliko akili.

Siku ya nne mjomba alirudi, shingo imempinda.

"Waya umejiunga?" nikamuuliza.

"Haujajiunga. Waya ni mimi."

Asubuhi ya kwanza tu mkewe alibonyeza, redio ikang'ang'ania stesheni ileile. Mjomba akauona mkono ule kwenye kioo cha pembeni, akakumbuka sharti. Haraka akabadili stesheni yeye mwenyewe kwa kidole gumba. Tangu hapo mke anabonyeza, mume anachungulia kioo na kutekeleza. Akipitwa na kidole kimoja tu, pikipiki imekwenda.

"Kwa hiyo ngumi bado husikii."

"Ngumi? Mimi hata barabara siioni!"

"Basi niurudishe waya."

"Mwanamume hali matapishi yake. Nifungie kioo cha pili, kielekee vidole."

Nikakifunga.

Kesho yake akaja mkazamjomba, kwa miguu, mkoba kwapani. Akavuta kiti cha wateja, akaketi kama hakimu.

"Kioo cha pili cha nini, mwanangu?"

"Cha... usalama, mama."

"Usalama wa nani?" Akacheka mpaka mkoba ukamponyoka. "Vitufe vile vina taa. Zilizimika siku ileile. Mjomba wako anadhani nikipanda macho nayaacha nyumbani?"

Nikafungua mdomo kuomba radhi. Hakuwa na haja nayo.

"Miaka thelathini na moja namwambia mzee yule apunguze redio. Hasikii! Leo nagusa kitufe maiti, anatii kabla sijaondoa kidole. Jumamosi nimebonyeza goti langu."

"Goti?"

"La kulia. Akasimama tukanywa maji." Akaokota mkoba. "Ole wako uuguse waya ule."

Wiki iliyofuata walikuwa na safari ya siku tatu, kwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza. Walipita kwangu kujaza upepo. Mkazamjomba alibaki juu ya kiti chake na miwani ya jua. Mjomba, shingo sasa imefungwa kola ya hospitali, akanivuta nyuma ya pampu.

"Unga waya, mpwa wangu. Matapishi nitayala. Siku tatu! Jana kajikuna sikio, nikauzunguka mzunguko wa sokoni mara mbili."

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Leo nyasi zilishika koleo. Nikainua macho, nikakuta mkazamjomba ananitazama kupitia kioo kilekile nilichokifunga kwa mikono yangu. Akagusa goti.

Mjomba aliacha kunisihi katikati ya neno. "Maji, mama watoto?"

"Hapana. Twende zetu."

Nikarudisha koleo sandukuni. Mjomba akapanda kama anayekwenda kunyongwa, akawasha. Redioni yule mwanamke alikuwa bado analilia mchumba.

Ndipo nilipoona kidole cha mkazamjomba kikishuka kwenye kitufe cha chini.

Mjomba akaganda. Akatazama kioo kimoja, akatazama cha pili. Gumba likasogea polepole, kama linaogopa kuungua. Kengele ikalia. Raundi ya saba, mtangazaji anapayuka.

"Umebonyeza wewe?"

"Kwani nyuma tuko wangapi?"

"Lakini... ni ngumi."

"Vitufe vyangu vizima, mzee. Tazama barabara."

Akaitazama. Mkazamjomba akautia mkono wake wa kubonyezea mkobani, na haukutoka mpaka walipokata kona.