Machozi ya Saa Tisa na Robo

Kila mwaka, Jumamosi ile ile, mtangazaji yule yule wa kipindi cha televisheni cha kuchangia wenye njaa alivaa suti ile ile ya kijivu, ingawa tumbo lilikuwa jipya, akachomoa leso nyeupe mfukoni na kulia saa tisa na robo kamili alasiri. Ungeweza kurekebishia saa yako. Kabla ya leso iliimba kwaya ya watoto wenye fulana zinazofanana. Baada ya leso ililetwa hundi ya kadibodi pana kama mlango, imebebwa na watu wawili waliokenua meno. Na katikati, kama kiini ndani ya yai, kilichezwa kipande cha filamu: mtoto wa kike wa miaka sita, ameketi kwenye kigoda, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

"Haya," alisema Bwana Leso, maana mtaa mzima ulimwita hivyo, "ni machozi ya njaa. Piga simu sasa."

Yule mtoto siku hizi alikuwa msusi mwenye saluni ya viti viwili na binti wa miaka sita aliyeitwa Chereko. Na machozi yale hayakuwa ya njaa hata chembe. Yalikuwa ya kitana.

"Ulikuwa umekunywa chai vikombe viwili na mkate juu!" mama yake alilalama kila mwaka, kidole kikiisuta televisheni. "Mimi nipo nyuma yako nakuchana, wapiga picha hao. Wakaniambia, mama, sogea kidogo unaziba mwanga. Nikasogea. Kumbe nasogea niitwe mama asiyelisha mwanawe!"

"Ulikuwa unachana kama unapalilia shamba, mama."

"Nywele zako zilikuwa na kiburi."

Miaka yote hiyo msusi alicheka tu, akafunika kombe mwanaharamu apite. Lakini Chereko alikuwa amemtoa mama yake chapa: paji lile, mashavu yale, hadi pengo la meno. Mwaka jana watoto wa jirani waliona filamu wakaamini ni yeye, na kwa wiki nzima wakawa wanamwachia vipande vya mkate mlangoni. Chereko alivila vyote, hakuwa mtu wa kukataa. Siku ya nne akauliza, "Mama, kwani sisi hatuna chakula?"

Swali hilo lilimkaa msusi kooni kama mwiba wa samaki. Na sasa Jumatatu Chereko alikuwa anaanza darasa la kwanza, na kipindi kilikuwa Jumamosi ya kabla yake. Wallahi, alisema moyoni, mwanangu haingii darasani na jina la Mtoto wa Njaa.

Barua tatu alishawaandikia watu wa televisheni. Zote zilijibiwa kwa kadi moja iliyochapwa: *Asante kwa moyo wako wa kutoa.* Basi Jumamosi akafunga saluni, aproni ikiwa bado kiunoni, akamshika Chereko mkono, wakaenda wenyewe.

Mtayarishaji wa kipindi, mwanamke mwenye kalamu mbili zimechomekwa nyweleni, alimsikiliza huku akitembea.

"Dada yangu, kipande hicho ndicho injini. Kikipita, simu zinalia. Nikikitoa, saa tisa na robo niweke nini? Huyu mzee atalilia nini?"

"Niweke mimi."

Mtayarishaji akasimama. Akamtazama mama, akamtazama mtoto, akarudi kwa mama. Mkono ukaenda mdomoni. "Ni wewe! Miaka yote hii! Haya, na kulia utaweza?"

"Nikichanwa, naweza," msusi akajibu, na wala hakudanganya.

Saa tisa na robo ilimkuta kwenye kigoda chini ya taa kali, Chereko ameegemea goti lake. Bwana Leso aliyasoma maneno yanayopita kwenye kioo cha kamera kama kawaida yake. "Mtazameni. Miaka mingi imepita, na machozi ya njaa bado..." Akainua macho. Leso ilikuwa imeshatoka mfukoni yenyewe kwa mazoea. Mbele yake mwanamke mnene wa mashavu alikuwa anacheka, na kutoka kwenye aproni alikuwa akichomoa kitana.

"Kaka, mimi nililizwa na hiki," akasema. "Nilikuwa nimeshiba. Wenye njaa wapo, na wengine hata nguvu ya kulia hawana. Wachangieni hao, tena msichoke. Ila mimi mnipumzishe."

"Na mimi nakula sana!" Chereko akapaza sauti. "Jana nimekula changu na cha bibi!"

Mtayarishaji alizing'ata kalamu zote mbili. Bwana Leso alikitazama kitana.

"Mama yangu alikuwa nacho cha chuma," akasema polepole. Halafu akaangua kicheko, akacheka hadi akalia kikwelikweli, saa tisa na dakika ishirini, nje kabisa ya ratiba.

Simu zikaanza. Mpigaji wa kwanza alitaka kuchangia kwa ajili ya kila mtoto aliyewahi kuchanwa kavu. Wa pili aliuliza saluni iko wapi.

Jumatatu Chereko alirudi kutoka shuleni mbio. "Mama, wamenipa jina!"

Msusi akaweka kitana chini. "Lipi tena, mwanangu?"

"Changu na Cha Bibi!"

Msusi akamkumbatia, akavuta pumzi ya mwaka mzima.

Mwaka uliofuata, Jumamosi ile ile, kwaya ikaimba na hundi ikaletwa. Saa tisa na robo kamili, kilichezwa kipande kipya: msusi na binti yake, kitana mkononi, wanacheka. Bwana Leso naye akacheka palepale, kwa sekunde ileile, akapangusa macho.

Bibi peke yake hakucheka. "Ahaa! Sasa dunia nzima inajua mimi ndiye ninayechana vibaya!" Akaomba karatasi, akaandika barua kurasa mbili.

Walimjibu upesi. *Asante kwa moyo wako wa kutoa.*