Shingo ya Bawabu

Masinde, bawabu wa baa ya Adong pale Kansanga, alikuwa na shingo ngumu kama mchi, na shingo hiyo ndiyo iliyompa ugali. Haikugeuka kwa mtu. Mlevi akimwona alidhani anadharauliwa, akanywea, akajiendea nyumbani.

Lakini iliuma, jamani, mpaka usingizi ukamkimbia. Ndipo akaenda kwa Nabintu, mama wa Kikongo aliyekanda watu nyuma ya kanisa lao. Nabintu aliomba kwanza, akampaka mawese, akaminya. Kila fundo alilolifungua alilikung'uta vidoleni kuelekea mlangoni, maana kwao ugonjwa haukai mkononi mwa mkandaji. Mlangoni palikuwa pamefungwa mbuzi.

Masinde alilala kama mtoto aliyeshiba. Presha ikashuka, kichwa kikaacha kugonga. Ubaya ni kwamba hata hasira ilimtoka. Akawa anawauliza walevi habari za wake zao, na wakorofi waliotupwa nje akawarudisha ndani wasilowe mvua.

Adong akamwita. "Masinde, mimi naweka wewe hapa watu waogope. Sasa unacheka nao. Kama ile sura hairudi, na wewe usirudi."

Huyo, mbio kwa Nabintu. "Mama, nirudishie shingo yangu. Nitakula nini?"

"Papa, mi najuaka kutoa tu. Kurudisha sijue," Nabintu akasema. "Na ilishaingiaka kwa mbuzi. Angalia."

Kweli. Mbuzi alisimama shingo wima, macho yamemtoka, na wanakwaya walikuwa juu ya ukuta, hawathubutu kushuka. Mfa maji haachi kutapatapa: Masinde akamwazima, akampeleka baa.

Adong na mbuzi wakatazamana. Adong ndiye aliyeinamisha macho.

"Huyu anabaki," akasema. "Na wewe utamshikia kamba."

Basi kazi ikapona. Walevi wakashika adabu, na Olweny, aliyekuwa akivunja viti kila wiki, akawa anaomba ruhusa kabla ya kukohoa.

Ila jioni mbuzi aligoma kula. Alijaribu kuyainamia majani, shingo ikakataa, akalia. Masinde aliujua uchungu ule, na huruma ikamshika vibaya. Alijua pia huruma hiyo itamgharimu nini. Akachota mafuta ya kupikia jikoni, akaanza nyuma ya masikio, taratibu, kama alivyofanyiwa yeye.

Mbuzi akafumba macho, akainama, akala. Masinde akavua koti la ubawabu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti.