Shikamoo Isiyoitikiwa

Baba yangu, mzee Baltazar, alikuwa akikoroma mpaka wageni wanahamisha godoro. Hilo tulilizoea. Lililotutisha ni pale mkoromo ulipokatika ghafla, kimya kabisa, mama anamtingisha, naye anashtuka akihema kama mtu aliyeopolewa mtoni. Na kwa kuwa usiku halali sawasawa, mchana alisinzia popote: kanisani, juu ya gunia la maharage, na, Mungu amsamehe, mbele ya washenga wangu.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Akina Dionis, mchumba wangu, walitoka Balangdalalu mpaka kwetu Endagikot wakiongozwa na baba yake mkubwa, mzee Akonaay. Mazungumzo hayajafika popote, baba akakoroma. Akonaay akachukua fimbo yake, akasema hakuja kuposa kwa gogo. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, nina miaka thelathini na moja, na mwezi ule wanafunzi wangu waliipata habari yao bila kosa lolote.

Ndipo baba akakubali kwenda Moshi kwa daktari wa koo. Akaambiwa pumzi zinakatika usingizini mara nyingi kila saa. Kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ni kirefu mno, tonsesi zimekua, na nyama laini za koo zikilegea zinaziba njia ya hewa. Daktari alisema atazipunguza kwa upasuaji, ingawa hakuahidi kwamba kila mtu hupona kabisa. Baba alirudi na koo bichi, akinywa uji uliopoa, na amri moja: asitoe sauti siku kumi.

Siku ya sita wageni wakaingia. Mama alikuwa amewapigia simu kwamba mzee amepona. Kwa mama, kupona maana yake ni kutosinzia mchana. Nilitamani kumtafuna.

Dionis akainama mbele ya baba. "Shikamoo, baba."

Baba akatikisa kichwa.

"Shikamoo, baba," Dionis akarudia, na sauti yake ikapungua.

Kwetu mtu akikunyima marahaba amekufukuza. Mama akaanza kueleza habari za upasuaji, Akonaay akamkatiza.

"Mama Agripina, mwaka jana alikoroma. Leo ananyamaza. Marahaba ni neno moja tu. Linamuuma wapi?"

"Kooni, mzee wangu," nilisema, na hakuna aliyeniuliza.

Mama akanitolea macho. Akonaay alikwisha kushika fimbo. Niliona ndoa yangu inatoka nje mara ya pili, nikataka kulia kwa hasira.

Baba akainuka, akachukua chaki kwenye mkoba wangu wa shule, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa zilizopinda: MARAHABA.

Dionis akaisoma kwa sauti, akacheka kwa furaha. Akonaay akakunja uso, lakini akaketi.

Akaongea huyo mzee! Alitaja ukoo, akataja ng'ombe, akarudi kwenye ukoo. Mimi nilimtazama baba zaidi ya mchumba wangu. Alikuwa macho. Alisikiliza kila neno, akitabasamu kwenye utani, akimgeukia kila anayesema. Sikukumbuka lini nimemwona baba akifika mwisho wa mazungumzo, na nilifurahi.

Akonaay alipomaliza akangoja jibu. Baba akarudi mlangoni na chaki yake, akaandika chini ya neno la kwanza: AGRIPINA UNAMTAKA?

Watu wote wakanigeukia. Kwetu binti huitwa aulizwe kama anawafahamu wageni, basi, mengine wanamaliza wazee. Kuulizwa hivyo hadharani sijawahi kusikia. Uso uliniwaka.

"Namtaka, baba," nilisema, kwa sauti ileile ninayotumia darasani.

Akonaay alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mzee huyu ana maneno!"

Dionis alikuwa ameinamisha kichwa, anatabasamu peke yake. Baba hakumwangalia yeyote kati yao. Alinitazama mimi kwa muda mrefu, kisha akaugeukia mlango, akaifuta alama ya kuuliza kwa kidole gumba.