Sindano za Kuunganisha

Wodini walimwita Kamanda, na hakuchukia. Tangu awe muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji, hakuna mgonjwa aliyelala kwenye shuka chafu, wala daktari aliyethubutu kutupa glovu juu ya meza yake. Lakini kila kazi ina njia zake za mkato, na ya wodi ile aliianzisha mwenyewe. Dawa iliyoandikwa mara nne kwa siku ilitolewa mara mbili, asubuhi na jioni, dozi mbili kwa mpigo. Wauguzi wachache, wagonjwa tele, wafanyeje? Njia hiyo waliiita kuunganisha.

"Kilichoandikwa chote kinaingia mwilini," aliwaambia wasichana wake. "Mbili na mbili ni nne, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

Kisha akaletwa mdogo wake, fundi cherehani, mguu wa kulia umevimba hadi kifundoni. Alikuwa amekanyaga msumari, akaupuuza.

"Dada, niokolee huu," alisema. "Huu ndio unaokanyaga cherehani na kulisha watoto. Mikono inafuata tu."

Daktari aliandika sindano mara nne kwa siku, akasema dawa ikishika, mguu utapona. Kamanda akawavuta wauguzi pembeni. "Huyu ni tumbo moja na mimi. Msimchomechome ovyo. Muunganishieni." Wakamuunganishia, tena kwa heshima zote. Daktari alipopita na kuuliza kama anapata mara nne, Kamanda alijibu, "Mara nne, daktari," bila kupepesa macho.

Uvimbe ukapungua, wakafurahi. Halafu homa ikarudi na kishindo, na kidonda kikaanza kunuka.

Mpimaji wa maabara, mtu wa maneno mengi, alimwita aone sahani mbili za kuoteshea vijidudu vya kidonda kile. Kwenye ile ya usaha wa siku ya kwanza, kidonge cha dawa kilikuwa kimezungukwa na duara safi, vijidudu vimekufa wote. Kwenye ya pili, ya usaha wa baada ya homa kurudi, vijidudu vilikuwa vimeota hadi vikakigusa kidonge.

"Ni wale wale?"

"Ni wajukuu zao," mpimaji akacheka. "Dawa hii haiui kwa wingi, Kamanda. Ukiijaza, haiongezi makali. Inaua kwa kukaa kwenye damu bila kushuka. Ikishuka, waliobaki wanapumua na kuzaana, na waliobaki ndio wale wabishi. Ni kama kuweka walinzi wote langoni asubuhi, halafu mchana kutwa lango wazi. Mwizi si mjinga. Huyu alikuwa akiruka dozi nyumbani?"

"Yuko wodini kwangu."

"Ah, kwako? Basi si dozi. Kwako hapaharibiki kitu."

Kamanda alirudi wodini. Aliwakumbuka wengine waliounganishiwa, wale aliowafunika shuka mwenyewe na kuwaambia ndugu zao kwamba siku ilikuwa imefika. Alijichukia, na hakuwa na wa kumwambia.

Daktari akaamua: mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda. "Vijidudu sugu," alisema kwa huzuni. "Dozi tulimpa kamili." Pale Kamanda angeweza kufungua mdomo. Akajiambia maji yakimwagika hayazoleki. Methali ni tamu sana kwa mwoga. Walipotafuta wa kumpa mgonjwa habari, wote wakamgeukia dada yake.

Fundi aliutazama mguu wake. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kona ya shuka.

"Dada, wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Dawa nimepewa yote?"

"Yote," alijibu. Hakuna tone lililopungua.

"Basi ni bahati yangu mbaya." Akamshika mkono. "Waambie wasichana wako asante. Wodi ya pili nasikia wanachomwa mchana kutwa hadi wanalia. Mimi waliniacha nipumzike."

Kamanda akasema atawaambia.