Bertilla na Baba Mkwe Njia ya Msanzi

Habari za msiba zilimkuta Bertilla kijiweni Majengo, akikaza mnyororo wa pikipiki yake. Bibi Silvana, dada wa baba mkwe wake, alikuwa amefariki huko ndani ndani, ng'ambo ya Msanzi, na maziko ni mchana uleule. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gari lililojaribu njia ya kijijini asubuhi lilikuwa limerudi kinyumenyume.

Mzee Zenon, baba mkwe mwenyewe, alikuja kijiweni kwa miguu, amevaa koti lake la kanisani. Tangu mkwewe aanze kuendesha bodaboda hakuwahi kuipanda. Hakumkataza kazi, alisema tu kwamba mtu na mkwewe hawabanani kwenye kiti kimoja.

"Shikamoo, baba. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa." Akatazama pembeni, kwa vijana wengine. "Hawa wenzako hakuna anayekwenda?"

Yusto, aliyekuwa karibu, akatikisa kichwa. "Mzee, ile njia kwa leo mimi siiwezi. Nenda na dada."

Hapakuwa na namna. Bertilla alibonyeza tairi, akajaribu breki, akamvalisha mzee helmeti na kumfunga mkanda wake kidevuni.

"Miguu isitoke kwenye vikanyagio, baba, hata tukiyumba. Nikilalia kona, lala na mimi. Halafu unishike kiunoni."

"Hayo mengine sawa," Zenon alisema. "Hilo la mwisho, hapana."

Akashika keria nyuma yake, mgongo ameunyoosha kama yuko kwenye benchi la kanisa.

Kwenye lami walikwenda vizuri. Walipokata kuingia njia ya udongo, Bertilla alipunguza mwendo akafuata alama za baiskeli, palipokuwa pagumu kidogo. Karibu na shamba la ulezi gurudumu la nyuma likateleza. Jambo dogo tu, angelirudisha. Lakini mzee alishtuka, akashusha mguu kuzuia, na pikipiki ikalala ubavu, wao wawili matopeni.

Bertilla aliruka kuzima injini, kisha akamfuata.

"Umeumia?"

"Kifundo kinauma kidogo."

"Ungevunjika mguu, baba! Nilikuambia usiutoe!"

Hakuwahi kumpandishia sauti mzee huyu. Alisikia aibu mara moja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Zenon alijipangusa tope kwenye koti.

"Kumbe ulisema kweli," akasema mwishowe. "Nikikaa huku nyuma kabisa, kuna ubaya gani?"

"Uzito wote unakuja nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Usukani haunitii. Ukisogea karibu, tunakuwa mtu mmoja."

Mzee akaangalia chini. Bertilla alielewa. Alitoa kwenye mfuko kitenge alichobeba cha msibani, akakisokota, akajifunga kiunoni juu ya jaketi na kuacha vitanzi viwili ubavuni.

"Shika hapa, baba. Unashika kitenge, hunishiki mimi."

Zenon alivitazama vile vitanzi, akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu apate habari za dada yake. Akapanda, akasogea.

Mbele kulikuwa na daraja la magogo, maji yakipita juu yake. Bertilla alisimama. "Hapa unashuka. Uvuke taratibu, mimi nitaikokota." Mzee hakubisha. Kwenye mteremko wa mawe Bertilla akaingiza gia ndogo, akaiacha injini iwazuie, na kila alipoinama, alimsikia mzee anainama naye. Walifika jeneza likiwa bado uani, na Zenon akawahi kumuaga dada yake.

Baada ya maziko, Fransisko, mdogo wake Zenon, aliwakuta wakijiandaa kuondoka.

"Tubanane tu, mama," alimwambia Bertilla. "Mshikaki. Watatu tunaenea."

Bertilla alisita. Huyu naye alikuwa baba mkwe wake, na watu walikuwa wakisikiliza.

"Anabeba mmoja," Zenon alisema.

"Kaka, tangu lini unajua mambo ya pikipiki?"

"Tangu leo asubuhi. Tazama koti langu."

Waombolezaji waliokuwa karibu waliangua kicheko, hata Fransisko mwenyewe. Bertilla akapata nguvu ya kusema. "Baba mdogo, nimfikishe baba kwenye lami, halafu nirudi nikuchukue. Tukifika darajani utashuka utembee."

"Nitashuka," alisema Fransisko, akaenda kukaa na wanaume wenzake kumsubiri.

Zenon alishajifunga helmeti mwenyewe. Bertilla alikagua mkanda, akaukaza kidogo, akawasha.