Kumkomboa Bibi Upawa

Kaka yangu Ditram aliacha simu kumi na moja za watu ambazo hazijatengenezwa, kofia moja ya pikipiki, vitabu mia na kitu vya katuni za Kijapani, na sanamu ishirini na mbili za plastiki. Sanamu ya ishirini na tatu ilikuwa imetekwa. Naandika jinsi nilivyoifuata kwa sababu nimeanza kuchanganya siku, na Ditram hakupenda hadithi isimuliwe ovyo, ingawa vitabu vyake mwenyewe vinasomwa kuanzia nyuma.

Sanamu yenyewe ni ya mwanamke, urefu wake kiganja na nusu, nywele za waridi, ameshika upawa mrefu kuliko yeye. Kwenye vitabu ni mpishi anayepiga mizimu kwa upawa huo, na mzimu unaotubu anaupakulia supu. Jina lake la Kijapani lilitushinda, tukamwita Bibi Upawa. Mwaka juzi mkono wake ulivunjika, nikaugandisha mimi kwa gundi, na vidole vyangu viwili vikaganda naye tangu saa nne mpaka adhuhuri. Ditram alininywesha uji kwa kijiko huku akinikataza kucheka, eti nitaupindisha mkono. Ulipinda hata hivyo. Katika vitu vyote vyake, nilitaka hicho tu.

Aliyemteka ni Tumwagile, mama mwenye duka kule Mikumi. Sisi ni Wangoni, babu alikuja Kilosa kukata mkonge. Tumwagile ni Mhehe, na Wahehe ni watani wetu tangu wazee walipochoka kupigana. Mtani msibani ana ruhusa zake. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anakamata kitu chake na kukishikilia mpaka ndugu wakikomboe kwa kuku au kwa maneno.

Siku ya tatu ya msiba Tumwagile aliingia uani kwetu Mabwerebwere, akavaa kofia ya pikipiki ya Ditram, akashika bisibisi, akachukua simu ya baba mdogo Vitalis na kuichungulia kwa jicho moja.

"Njoo kesho," akasema.

Watu waliangua kicheko, maana hayo ndiyo maneno Ditram aliyowaambia wateja wake wote, hata wale ambao simu zao zilikuwa tayari. Mimi sikucheka. Kisha akamnyakua Bibi Upawa pale kando ya picha ya marehemu, akamwinua juu.

"Nimeteka! Wangoni, mkomboeni!"

Baba mdogo Vitalis, ambaye ndiye aliyepaswa kujibu, alikuwa anatafuna. "Mchukue tu, mtani," akasema. "Mdoli huo tuufanyie nini?"

Tumwagile aliita mara ya pili, na ya tatu. Alisimama mlangoni kama mtu aliyesahauliwa kwenye chai, kisha akaondoka na Bibi Upawa kwapani.

Zaidi ya mwezi baadaye nilipomuuliza baba mdogo, alikuna kichwa. "Kimila, kitu kisipokombolewa mpaka arobaini, kinakuwa cha mtani. Lakini si nitakununulia mwingine? Wapo sokoni, wanalia ukiwabonyeza tumbo."

Arobaini ilikuwa Jumamosi. Siku niliyomuuliza ilikuwa Jumatano.

Mimi si mtu wa maneno ya mdomoni. Nyumbani kwetu Ditram ndiye aliyesema, mimi niliandika. Hata wasifu wake uliosomwa kanisani niliuandika mimi. Kwa hiyo nilifanya ninachokiweza, nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Bonifas, kuomba barua. Mzee Bonifas hajawahi kumnyima mtu barua. Aliniuliza maswali kwa makini, akaandika, akagonga muhuri mara mbili.

Alhamisi asubuhi nilipanda gari la kwenda Mikumi. Njia inapita kijiji cha Ulaya, na Ditram alipenda kuwaambia watu wa mbali kwamba yeye akienda kununua kitabu hupitia Ulaya.

Duka la Tumwagile liko kando ya barabara kuu, kati ya fundi matairi na muuza chipsi. Alianza na sanamu moja iliyosahauliwa na Mjapani kwenye dashibodi ya gari lililokuwa linapelekwa Zambia. Dereva alimpa kama zawadi, Tumwagile akaiweka dirishani kwa urembo, kesho yake kijana akaiulizia bei. Sasa ana rafu nne mpaka darini: wapiganaji wenye panga, wasichana wenye masikio ya paka, roboti, na joka moja lililopoteza mkia. Vitabu amevifunga kwenye nailoni ili watu wasisome bure.

Bibi Upawa alikuwa nyuma ya kaunta, amekalishwa juu ya kopo la kahawa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu Tumwagile, akanitazama juu ya miwani yake minene. "Gaudiosa wa Ditram. Karibu. Sasa nitukane."

"Nimekuja na barua."

Nikampa. Aliifungua, akaisoma kwa sauti. Hatukuwa peke yetu. Kwenye kona alisimama Kisioki, Mmasai wa makamo mwenye ng'ombe nje kidogo ya mji, fimbo kwapani, kitabu cha kumi na nne mkononi. Alisimama kwa sababu Tumwagile haruhusu mtu kusoma akiwa amekaa.

"Yah: Kurejeshewa mateka wa plastiki," alisoma Tumwagile. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mleta barua hii ni mkazi wangu halali na hana rekodi ya ugomvi. Anamfuatilia mwanamke mmoja, urefu sentimita ishirini na tano, nywele za waridi, silaha upawa, ambaye alichukuliwa msibani bila kupinga. Naomba apewe ushirikiano."

Akaigeuza kutafuta kama kuna zaidi.

"Mihuri miwili," akasema Kisioki. "Mimi nilipopotelewa na fahali nilipewa mmoja."

"Barua nzuri," akasema Tumwagile, akanirudishia. "Lakini haikomboi kitu. Mateka hakombolewi kwa muhuri."

"Basi nitalipa. Niambie kiasi gani."

"Pesa yako kanywee soda. Kaka yako miaka sita aliingia mlango huo akinitukana kabla hajafuta miguu. Siku ya kwanza aliniuliza kama hizi sanamu ni ndugu zangu waliokataa kukua. Nikampenda palepale. Mngoni aje hapa na barua? Babu zenu si walikuwa wanakuja na mikuki?"

"Kabla hamjawakimbiza," akaongeza Kisioki.

"Kabla hatujawakimbiza. Asante, Kisioki. Haya, binti, tukana."

Nilihisi masikio yanawaka. Nikatazama huku na huku nikitafuta pa kuanzia.

"Duka lako lina vumbi," nikasema.

Kisioki akatikisa kichwa. "Hiyo ni taarifa."

"Wahehe... mna hasira za haraka."

"Hiyo ni kweli," akasema Tumwagile. "Tena unataka kuiona?"

"Na... joka lako halina mkia."

"Sasa anafanya hesabu ya mali," akasema Kisioki. "Dada, mimi utani wenu haunihusu, lakini hata ng'ombe wangu wangejaribu zaidi."

Tumwagile akapiga kaunta kwa kiganja. "Mpaka Jumamosi, saa sita mchana. Baada ya hapo Bibi Upawa anabadilishwa kabila. Nitamfunga mgolole, nimfundishe Kihehe, aitwe Semkali."

Alichofanya baadaye ndicho kilichoniudhi. Alitoka nyuma ya kaunta akaanza kumwigiza Ditram tena, jinsi alivyokuwa akichagua kitabu. Akatembea kwa kujivuta, mikono mfukoni, akijikwaa kila hatua.

"Siyo hivyo," nikasema.

"Ndivyo."

"Siyo hivyo! Hakujikwaa. Alikuwa anainama hivi kusoma migongo ya vitabu, na alikuwa anavinusa. Unamkosea. Ukitaka kuona mtu anayetembea vibaya, kaa hapo nikuoneshe."

Sijui mikono yangu ilipata wapi ujasiri. Nilimvua miwani usoni, nikaivaa mwenyewe, nikapita nyuma ya kaunta na kukaa kwenye kiti chake. Dunia yote ikawa supu. Nikageuza barua ya Mzee Bonifas upande mweupe, nikaishika mbali kidogo na uso kama inavyoshikwa kanisani, nikakohoa.

"Wasifu wa marehemu Tumwagile," nikasoma.

Hapakuwa na kitu kilichoandikwa. Lakini wasifu ninaujua, una mpangilio wake, na sauti yangu ya kusomea haitetemeki kama ile ya kuongelea.

"Marehemu alizaliwa Iringa. Mwaka haujulikani, kwa kuwa kila sherehe ya kuzaliwa alikuwa anapunguza mmoja. Elimu ya msingi aliipata kwa shida, na shida hiyo waliipata zaidi walimu."

Kisioki akafunga kitabu.

"Marehemu alifika Mikumi kwa bahati mbaya. Alikuwa safarini kwenda Dar es Salaam, basi likasimama watu wachimbe dawa, yeye akaingia porini na basi likamwacha. Huko porini alikutana na simba. Simba alimwangalia, akakumbuka ana shughuli nyingine."

"Uwiii!" akapiga kelele Tumwagile, akashika rafu.

"Alifungua duka la sanamu kwa sababu ndio watu pekee waliokubali kushinda naye bila kulia. Marehemu hakuugua. Alikufa kwa kunyima. Mteja aliomba kufunua nailoni ya kitabu aone picha moja tu, marehemu akaona bora afe."

Kisioki alikuwa ameegemea fimbo yake kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Tumwagile alikuwa amenifuata nyuma ya kaunta na kuteremka taratibu mpaka chini, amejificha karibu na miguu yangu, anajifunika mdomo kwa kanga. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanaume mwenye boksi. Baadaye nilijua anaitwa Nassir, dereva wa magari yanayopelekwa Zambia. Wakati ule, kwa miwani ile, niliona wingu lenye boksi.

"Marehemu Tumwagile," nikaendelea, maana wasifu haukatwi katikati, "ameacha mume, watoto watatu, na mbwa wa jirani, ambaye leo kwa mara ya kwanza amelala fofofo."

Boksi lilishuka kauntani polepole.

"Tumwagile amefariki?" akauliza Nassir.

Nikamtazama Kisioki juu ya miwani. Kisioki akatazama dari.

"Asubuhi hii," akasema.

"Inna lillahi. Juzi tu nimeongea naye hapa! Nikamwahidi boksi hili." Akavua kofia. "Poleni sana. Alikuwa mama mwema. Mungu amsamehe na ule mdomo wake."

"Mdomo wangu una nini?" ikauliza sauti kutoka chini ya kaunta.

Sijawahi kuona mtu mzito akiondoka namna ile. Nassir hakupiga kelele wala hakugeuka, alirudi kinyumenyume mpaka nje, akavuka mbele ya muuza chipsi, na tulimkuta dakika kumi baadaye amekaa katikati ya matairi kwa fundi, amejizungushia moja kama boya. Ilibidi Tumwagile amfuate mwenyewe na kumshikisha mkono wake ili ahakikishe ni wa moto. Bila miwani alianza kwa kumshikisha fundi.

Tuliporudi dukani Tumwagile alikaa kwenye kiti chake, akajifuta macho kwa muda mrefu. Mwanzoni nilidhani bado ni kicheko.

"Siku ile pale kwenu," akasema, "niliita mara tatu. Nikasema sasa atatoka mmoja anitukane, turudishiane, tulie vizuri. Hakutoka mtu. Nimesafiri na huyu mapajani mpaka Mikumi, na kila kituo konda ananiuliza mtoto anaitwa nani."

"Baba mdogo alikuwa anatafuna," nikasema.

"Nilimwona. Wangoni mnakula kama mnahamishwa."

"Afadhali sisi tunasubiri kiive."

Ilitoka yenyewe. Tumwagile akanyanyua kidole kuelekea kwa Kisioki.

"Hiyo?"

"Hiyo ni tusi," akasema Kisioki.

Tumwagile akanyanyuka akapapasa kaunta, akakamata roboti, nikamwambia siyo, akakamata kopo la kahawa, na mwisho akampata Bibi Upawa. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Mkono uliopinda ulikuwa vilevile, na tone la gundi limekauka kiwikoni.

Niliagana nao vizuri. Nilimpa Tumwagile shikamoo ya kuondokea, naye akaikataa, eti kati ya watani waliotukanana hakuna shikamoo tena. Kisioki aliniuliza kama ninaandika pia wasifu wa ng'ombe, ana mmoja mkorofi anayekaribia kufa. Nikapanda gari la kurudi Kilosa na Bibi Upawa mapajani. Konda aliniuliza mtoto anaitwa nani.

Tulikuwa hatujafika mbali simu ikalia. Namba ya Tumwagile.

"Mwizi!" akasema. "Nimempigia shemeji yangu, nimempigia padri, hii ndiyo namba ya tatu. Miwani yangu iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya sidiria yangu, imefungwa kwenye leso. Sikuisahau huko. Niliitia kwa makusudi wakati anamshikisha fundi wa matairi mkono.

"Nimeteka," nikasema. "Wahehe, ikomboeni. Jumamosi, nyumbani kwetu, kabla ya saa sita."

Nikasikia anamwambia Kisioki kwa sauti ya mtu aliyepata mgeni, "Amenitekea miwani! Yule mnyamavu!"

Jumamosi alikuja. Aliletwa na Nassir, ambaye bado alikuwa anamshika bega kila baada ya muda kuthibitisha. Uani kwetu watu walikuwa wamekaa, vitu vya Ditram vimepangwa mkekani, na Bibi Upawa nilikuwa naye mimi. Tumwagile aliingia kwa hatua ndefu za mtu asiyeona mbele, akamkumbatia baba mdogo Vitalis kwa nguvu.

"Pole sana, shangazi," akamwambia. "Umekonda, lakini ndevu zimekupendeza."

Mama alicheka mpaka akaomba kiti, naye alikuwa tayari amekaa. Baba mdogo, safari hii, hakuwa na kitu mdomoni, akajibu, na Tumwagile akamjibu, na wakaendelea hivyo mpaka wali ukaletwa. Miwani ilikombolewa mapema, kwa tusi moja zuri kuhusu pua yangu. Lakini sikuirudisha mpaka baada ya chakula, kwa kuwa alikuwa bado anamwita baba mdogo shangazi, na baba mdogo alikuwa ameanza kuitika.