Jembe Katika Picha ya Mboni

Mwaka 1975 picha ya Mboni ilirudi kutoka kwenye maonyesho ya Ulaya ikiwa na cheti, ikatundikwa katika ukumbi wa tawi la chama, Kariakoo, ili wananchi waione. Wananchi waliiona wakakasirika. Haikuwa na mtu, nyumba wala mnyama. Yalikuwa mabaka ya kahawia na kijivu, na juu yake mchirizi mwembamba wa rangi ya chungwa.

Hasira zilizidi gazeti lilipoandika kwamba mgeni mmoja mwenye ofisi Posta yuko tayari kuinunua kwa bei ya trekta. Mwalimu Ignasi wa Magomeni akapeleka barua: "Tunashinda kwenye foleni ya unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, halafu tunaambiwa matope haya yana thamani ya trekta?" Sokoni wauza dagaa waligawanyika. Wengine walitaka iuzwe upesi kabla mgeni hajazinduka, wengine ichomwe. "Mwanangu akimwaga uji huchora vizuri kuliko hivyo," alisema mama mmoja, watu wakacheka.

Mboni alichora nakshi za khanga kiwandani. Aliishi Gerezani na mdogo wake, Shaibu, fundi wa reli, na Shaibu peke yake ndiye aliyejua maana ya picha ile. Mwaka uliotangulia Shaibu alikwenda likizo kwao kusini, akakuta watu wanahamishiwa kijiji kipya. Mama yao alikataa kutoka. Paa lilitiwa moto yeye akiwa ameketi mlangoni. Mgambo walimvuta nje mzima, lakini huko alikopelekwa hakufikisha masika. Shaibu alirudi akamsimulia dada yake. Mboni hakulia. Alichora wiki mbili, na alipomaliza Shaibu alisimama mbele ya picha akasema, "Ndivyo ilivyokuwa."

Jumamosi mkutano uliitishwa. Ukumbi ulijaa, wengine wakachungulia madirishani. Mwenyekiti Rajabu alinyanyua mkono.

"Ndugu Mboni, wananchi wanauliza. Hii ni nini?"

Mboni aliwatazama mgambo waliosimama mlangoni. Akamtazama Shaibu, aliyekuwa ukutani na ovaroli yake ya kazini.

"Ni shamba, Ndugu Mwenyekiti. Shamba la kijiji cha ujamaa, baada ya mavuno."

"Na hii ya chungwa?"

"Jua linachomoza."

Makofi yalitikisa bati. Mwalimu Ignasi alisimama akaomba radhi hadharani. Ikaamuliwa picha haiuzwi, ni mali ya umma. Ndipo mzee mmoja akauliza, "Shamba gani lisilo na jembe?"

"Kweli kabisa," alisema mwenyekiti. "Dada yetu, tuongezee jembe, hata mtoto aelewe."

Jioni ile Shaibu alikuwa akikunja mashati yake kitandani.

"Ungenyamaza tu, dada. Nani angekufunga kwa kunyamaza?"

"Wewe ulikuwepo moto ulipowashwa. Mbona hukusema?"

Shaibu aliacha kukunja. Akachukua begi akatoka.

Jumatatu Mboni alipanda juu ya stuli na kopo la rangi. Jembe lilihitaji nafasi, na nafasi iliyofaa ilikuwa kwenye kijivu kizito cha katikati, pale alipokuwa ameuweka mlango wa mama yao. Alilichora vizuri, mpini na kila kitu. Mwenyekiti akampa mkono.

Mgeni wa Posta alikuja siku ya tatu, akauliza nani aliyeharibu. "Mimi," alijibu Mboni, na yule bwana akavaa kofia yake akaondoka.

Kabla mwaka haujaisha matawi mengine manne yalimwomba picha ya namna hiyohiyo. Aliyachorea yote, akaanza kupewa unga bila kupanga foleni. Shaibu aliomba uhamisho, akapelekwa Tabora. Mboni alimwandikia barua mbili kupitia karakana ya huko. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilirudi ikiwa haijafunguliwa, na neno "Irudishwe" juu ya bahasha lilikuwa kwa mwandiko wa Shaibu mwenyewe.